Stashahada au shahada ya uuguzi: ulinganisho kwa mwenye C+ ya KCSE

Siku chache baada ya matokeo ya KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, kutangazwa mwezi Januari, mama mmoja kutoka Mumias alifika shuleni kwetu Kakamega pamoja na bintiye, akatoa mkobani karatasi ya matokeo iliyokunjwa mara nne na kuinyoosha mezani kwa kiganja. "Mwalimu, huyu ana C+," alisema. "Anataka kuwa nesi. Si anaingia chuo kikuu moja kwa moja?" Nimekuwa mwalimu wa ushauri wa taaluma kwa miaka ya kutosha kujua kwamba swali hilo halijibiki kwa kutazama ile gredi ya wastani peke yake. Uuguzi nchini Kenya una milango miwili mikuu, stashahada na shahada, na kila mlango hukaguliwa kwa gredi za masomo mahususi ambazo wazazi wengi huzipita kwa haraka.

Jambo la kwanza la kufahamu ni kwamba masharti hayo hayatokani na chuo. Chuo hufundisha, KUCCPS, shirika la serikali la kuwapangia wanafunzi vyuo, hugawa nafasi, lakini anayemsajili muuguzi na kumpa leseni ni Baraza la Wauguzi la Kenya, ambalo liliundwa chini ya Sheria ya Wauguzi na Wakunga, Sura ya 257. Mwanafunzi anapoingia chuoni, jina lake hupelekwa kwa Baraza na kupewa nambari ya usajili wa mwanafunzi. Asipokuwa na nambari hiyo, hataukalia mtihani wa leseni hata akisoma miaka minne mfululizo. Kwa hiyo barua ya kukubaliwa kutoka chuo fulani, iwe na muhuri wa kuvutia namna gani, haibadilishi kitu iwapo gredi za masomo hazifikii kiwango cha Baraza.

Tuziweke sasa njia mbili hizi bega kwa bega. Stashahada, ambayo wengi huijua kwa kifupi chake KRCHN (Kenya Registered Community Health Nursing), humtaka mwombaji awe na wastani wa C katika KCSE, kisha awe na C ya Kiingereza au Kiswahili, C ya Biolojia, na angalau C- katika somo mojawapo kati ya Kemia, Fizikia na Hisabati. Shahada humtaka awe na wastani wa C+, na hiyo C+ aipate pia katika Biolojia, katika Kemia, katika Hisabati au Fizikia, na katika Kiingereza au Kiswahili. Ukiyasoma masharti haya kwa haraka utadhani tofauti ni hatua moja tu, kutoka C hadi C+. Tofauti kubwa iko kwenye sayansi: stashahada inamruhusu mtu ateleze katika masomo mawili ya sayansi mradi la tatu limshike, ilhali shahada haimwachii nafasi ya kuteleza katika Kemia hata kidogo.

Karatasi ya binti yule ilikuwa mfano mzuri kuliko wowote ningeweza kuutunga. Alikuwa na Kiswahili B+, Dini ya Kikristo B, Kilimo B-, Kiingereza C+, Biolojia C+, Masomo ya Biashara C, Kemia C- na Hisabati D+. Tangu mtihani wa 2023, gredi ya wastani hukokotolewa kwa kutumia Hisabati, lugha moja, na masomo mengine matano ambayo mtahiniwa amefanya vizuri zaidi. Nilichukua kalamu tukahesabu pamoja: Hisabati pointi 4, Kiswahili 10, Dini 9, Kilimo 8, Biolojia 7, Kiingereza 7 na Biashara 6, jumla 51, ambayo ukiigawa kwa 7 unapata zaidi kidogo ya 7, yaani C+. Mama aliifuata hesabu kwa kidole kutoka mstari hadi mstari, kisha akauliza, "Na Kemia iko wapi?" Kemia haikuwamo. Kwa kuwa lilikuwa somo la saba kwa ubora ukiiacha Hisabati ya lazima, ilikuwa imeachwa nje ya wastani, na ndiyo maana wastani ulipendeza. Lakini somo hilo hilo lililofichwa na hesabu ndilo ambalo Baraza hulitazama, na mbele ya shahada ya uuguzi C- ya Kemia ilikuwa imekwisha kuufunga mlango, pamoja na D+ ya Hisabati iliyousindika. Mbele ya stashahada, C- hiyo hiyo ndiyo ilikuwa tikiti yake.

Nimekaa hapa kwa muda kwa sababu hapa ndipo familia nyingi hupotezea pesa. Mpwa wangu mwenyewe aliwahi kulipa karo ya mihula miwili katika chuo kimoja cha eneo hili, ambacho sina haja ya kukitaja, akiwa ameambiwa kwamba gredi zake "zitashughulikiwa". Alipokwenda kuulizia nambari yake ya Baraza, akagundua kwamba chuo hakikuwa na idhini ya kufundisha uuguzi kabisa. Orodha ya vyuo vilivyoidhinishwa huwekwa wazi na Baraza kwenye tovuti yake, na kuisoma huchukua dakika chache. Jina la chuo chako lisipokuwamo, au likiwamo kwa stashahada peke yake ilhali wewe unauziwa shahada, ondoka mapema.

Kufikisha kiwango cha chini, hata hivyo, si sawa na kupata nafasi, na katika hili njia mbili zinatofautiana sana. Nafasi za shahada ya uuguzi katika vyuo vikuu vya umma hugombaniwa na watahiniwa walio bora nchini. KUCCPS huwapanga kwa pointi za masomo manne ya kundi husika, ambazo kilele chake ni 48, na mara nyingi wanaoipata katika Chuo Kikuu cha Maseno, Masinde Muliro hapa Kakamega, Egerton au Moi huwa na B+ au zaidi. Mwenye C+ safi katika masomo yote manne anastahili kuomba, lakini uwezekano wake mkubwa uko katika vyuo vikuu binafsi, kwa mfano Kabarak kule Nakuru au Uzima kule Kisumu, na huko hesabu ya ada ni nyingine kabisa, kwa sababu udhamini wa masomo unaotolewa na serikali umekusudiwa vyuo vikuu vya umma. Stashahada nayo ina ushindani, tena si mdogo, lakini Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, ambacho historia yake inaanzia 1927, kina matawi mengi upande huu: Kakamega, Kisumu, Bungoma, Nakuru na kwingineko. Mwenye C+ anayeshindana huko yuko juu ya kiwango cha chini, na hiyo humpa nafuu ambayo chuo kikuu hakimpi.

Baada ya mlango wa kuingilia, suala linalofuata ni muda. Stashahada huchukua miaka mitatu, na mhitimu akifaulu mtihani wa Baraza husajiliwa na kuanza kutafuta kazi. Shahada huchukua miaka minne darasani na wodini, kisha mwaka mmoja wa uanagenzi katika hospitali ambayo Wizara ya Afya humpangia. Kwenye karatasi hiyo ni miaka mitano. Kwa uhalisia, kusubiri kupangiwa hospitali kumewahi kuchukua miezi mingi, na posho ya wanagenzi imekuwa chanzo cha mvutano usiokwisha kati ya serikali na vyama vya wahudumu wa afya. Mgomo wa madaktari wa 2024, uliodumu siku 56, chanzo chake kikuu kilikuwa suala la wanagenzi. Mzazi anayepiga hesabu ya miaka minne ya karo aongeze basi mwaka wa tano, na aweke kando kitu kidogo kwa ajili ya miezi ya kungoja kati ya huo wa nne na wa tano.

Kuhusu gharama sitataja ada, kwa kuwa hubadilika na kila chuo huchapisha zake. Ninachoweza kusema ni kwamba mikopo ya HELB, bodi ya serikali ya mikopo ya wanafunzi, inawafikia wanafunzi wa vyuo vikuu na wa KMTC pia, kwa hiyo kisiwepo kisingizio cha kuogopa njia moja kwa sababu ya mkopo. Kuna gharama nyingine ambazo barua ya kujiunga huziorodhesha katika ukurasa wa pili ambao hakuna anayeusoma hadi wiki ya mwisho: sare zisizopungua jozi mbili, viatu vyeusi visivyotoa sauti, saa ya kubandika kifuani, bima, na nauli ya kwenda hospitali za mafunzo ambazo huenda hazipo mji ule wa chuo. Gharama hizi zinafanana kwa njia zote mbili, na tofauti ni kwamba mwanafunzi wa shahada huzilipa kwa mwaka mmoja zaidi.

Katika mafunzo yenyewe, watu hudhani kwamba mwanafunzi wa stashahada hushika mgonjwa na wa shahada hushika kitabu. Si kweli. Ukienda asubuhi katika hospitali ya rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga mjini Kisumu, ile ambayo wenyeji bado huiita Russia kwa kuwa ilijengwa kwa msaada wa Wasovieti, utawakuta wanafunzi wa aina zote mbili katika wodi moja, kila mmoja amekumbatia daftari lake la mazoezi, wakimsubiri mkuu wa wodi atie sahihi kwamba fulani amemfunga mgonjwa kidonda, amemwekea mwingine dripu, amemsaidia mama kujifungua. Wote hupitia ukunga, afya ya jamii, afya ya akili na uuguzi wa wagonjwa wa upasuaji. Shahada huongeza utafiti, uongozi na msingi mpana zaidi wa sayansi. Binafsi naona kwamba mwanafunzi aliyehangaika na Kemia kidato cha nne hupata taabu hasa katika mwaka wa kwanza wa shahada, wakati bayokemia na famakolojia zinapoanza, na hilo ni jambo la kulifikiria hata kwa yule ambaye gredi zake zimemruhusu kwa shida.

Tofauti huonekana waziwazi zaidi kwenye hati ya mshahara. Katika muundo wa utumishi wa umma, muuguzi wa stashahada huanzia kundi la kazi H, na wa shahada huanzia kundi K. Hatua hizo si ndogo, na ndizo zinazofanya watu wawili waliofanya zamu moja ya usiku, wakawahudumia wagonjwa wale wale, wapokee mishahara isiyolingana mwisho wa mwezi. Nafasi za usimamizi nazo hupanda kwa urahisi zaidi kwa mwenye shahada. Lakini yapo mambo mawili ya kuongeza. Kwanza, tangu 2013 huduma za afya zilipogatuliwa, mwajiri mkuu wa wauguzi ni serikali ya kaunti kupitia bodi yake ya utumishi wa umma, nayo huajiri bajeti inaporuhusu, si wewe unapohitimu. Kwa hiyo miaka miwili ambayo mwenye stashahada "ameokoa" inaweza kuliwa na kusubiri tangazo la kazi, au kuishia katika mkataba mfupi ambao haupandi cheo. Pili, hospitali na zahanati za watu binafsi hazifuati makundi hayo, na baadhi hulipa stashahada na shahada kiasi kinachokaribiana mno.

Wengi huniuliza juu ya kwenda ng'ambo, na nadhani swali hili limepewa uzito kuliko linavyostahili kwa kijana wa miaka 18, ingawa siwezi kulipuuza, kwa sababu Kenya na Uingereza zilitia saini makubaliano ya kupeleka wahudumu wa afya mwaka 2021 na kila kijiji sasa kina mtu wake huko. Muuguzi wa stashahada aliyesajiliwa nyumbani anaweza kuomba, sawa na wa shahada. Kinachowakwamisha wengi ni mtihani wa Kiingereza: Uingereza hutaka IELTS yenye wastani wa 7, na angalau 6.5 katika kuandika, na huko hakuna anayeuliza ulipata nini KCSE. Kwa Marekani mtihani ni NCLEX, ambao wauguzi wetu wa viwango vyote viwili huufanya. Shahada husaidia zaidi baadaye, muuguzi anapotaka kusonga mbele kimasomo akiwa huko.

Limebaki jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingepaswa kuamua mengi: je, njia hizi mbili hukutana? Hukutana. Muuguzi wa stashahada mwenye leseni iliyo hai, na katika vyuo vingi mwenye uzoefu wa kazi, hukubaliwa kujiendeleza hadi shahada kwa muda ambao kwa kawaida ni miaka miwili au zaidi kidogo, mara nyingi huku akiendelea na kazi. Tukijumlisha miaka mitatu ya stashahada, miwili ya kazi na miwili na nusu ya kujiendeleza, anafika kwenye shahada katika mwaka wa saba au wa nane, ilhali mwenzake aliyeingia moja kwa moja alifika katika wa tano. Amechelewa, lakini sehemu ya safari hiyo ameitembea akilipwa. Vilevile anaweza kuchagua stashahada ya juu ya mwaka mmoja, kwa mfano katika uuguzi wa wagonjwa mahututi au wa chumba cha upasuaji, na wapo ambao baada ya hiyo hawatamani tena shahada. Kinyume chake hakipo: aliyeshindwa na karo katika mwaka wa tatu wa shahada hatoki na stashahada mkononi, hutoka na nakala za matokeo tu. Hili husahaulika sana, na kwa familia inayotegemea miwa au mahindi ya msimu mmoja si jambo la kupitia juujuu.

Nitaje kwa ufupi njia mbili za pembeni kwa kuwa zitaulizwa. Wapo wanaojisajili upya kama watahiniwa wa kibinafsi ili kuinua Kemia. Ningekubaliana na hilo iwapo gredi iliyopungua ni moja tu na kijana ana nidhamu ya kusoma bila kengele ya shule, lakini wajue kwamba mfumo wa 8-4-4 unaelekea mwisho na kundi lake la mwisho linakalia KCSE mwaka 2027. Na wapo wanaoelekezwa kwenye kozi ya tabibu, ambayo nayo hutolewa kwa stashahada. Hiyo ni taaluma nyingine yenye baraza lake na masharti yake ya sayansi, kwa hiyo asiichague mtu kama mbadala wa uuguzi kwa sababu tu majina yanakaribiana na koti ni jeupe.

Ningeamuaje mimi, basi? Aliye na B au zaidi, na C+ au juu yake katika masomo yote manne, aombe shahada katika chuo cha umma bila kusitasita, na aweke stashahada katika chaguo za mwisho. Aliye na C+ inayofika katika masomo yote manne lakini nafasi yake iko chuo binafsi, ningemuuliza kwanza mlipaji ni nani na ana uhakika wa miaka mingapi. Uhakika ukiwa wa miaka miwili tu, ningemshauri achukue stashahada. Aliye na C+ ya wastani yenye Kemia iliyoanguka, au Hisabati iliyoanguka bila Fizikia ya kuiokoa, hana la kulinganisha, kwa kuwa karatasi imekwisha kumwamulia, na anayemwambia vinginevyo ana kitu anachokiuza.

Binti wa Mumias alikuwa wa kundi hili la tatu. Hakulia, ingawa nilimwona akiitazama ile B+ ya Kiswahili kana kwamba alitaka kuisukuma ishuke mistari michache hadi kwenye Kemia. Aliuliza swali moja tu, kama mwenye stashahada huvaa sare tofauti, nikamwambia kwamba wagonjwa hawatajua. Tulipokaa kujaza chaguo zake, mama alitaka Nakuru kwa sababu ni jiji, lakini yeye akaandika KMTC ya Kakamega katika nafasi ya kwanza, Bungoma ya pili na Nakuru ya tatu. Shangazi yake anaishi Lurambi, alieleza, na ana chumba cha nje kisicho na mtu, kwa hiyo kodi ya nyumba itatoka kwenye hesabu na pesa hiyo inunue viatu.